Kizibo cha Magnesi: Shajara ya Sanduku la Mafunzo, Mbarara hadi Nakivale

Februari

Tumekubaliana sanduku lichukue vitu vitatu tu: mabuu ya inzi wa matunda ya kutazamwa kwa hadubini, mlango wa mbao unaoonyesha jinsi kipokezi cha NMDA, mojawapo ya milango ya seli za neva, kinavyofunguka, na kijitabu cha Kiswahili ambacho mtu atakimaliza kwa jioni moja. Tunawalenga VHT (wahudumu wa afya wa vijijini) wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, ambao wengi ni Wakongomani, pamoja na wauguzi na wakunga wa vituo vya jirani wanaoona raha kusoma Kiswahili kuliko Kiingereza. Somo ni glutamati, kemikali ambayo seli za neva hutumia kupeana ujumbe, na vipokezi vyake, yaani protini za seli zinazoupokea ujumbe huo, na maradhi yanayokuja vipokezi hivyo vikienda mrama.

Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba tufundishe kifafa moja kwa moja, haya ya molekuli tuwaachie wa chuo kikuu. Simkubalii. Dalili za kifafa VHT wanazijua, wengine kwa kuwa zimo nyumbani mwao. Wasichoambiwa ni kwa nini dawa ileile inayotuliza degedege mapema inashindwa ikicheleweshwa, au kwa nini binti aliyekuwa mzima aanze kuongea na kuta. Majibu yako kwenye vipokezi. Na nataka wazo moja lipite katika kijitabu kizima: glutamati yenyewe haina amri. Ujumbe wake unakuwa kile ambacho kipokezi kimeamua uwe.

Nimeandika ukurasa wa historia, nikaupunguza hadi nusu. Mwaka 1908, mjini Tokyo, Ikeda Kikunae alitoa glutamati katika mwani wa kombu akitafuta kinacholeta utamu wa mchuzi. Mwaka 1954 Mjapani mwingine, Hayashi, alieleza kwamba kuiweka glutamati juu ya ubongo wa mnyama kunaleta mtukutiko. Miaka michache baadaye, kule Canberra, Australia, watafiti Curtis, Phillis na Watkins waliidondosha kwenye seli za uti wa mgongo wa paka, zikaamka. Hata hivyo walisita kuiita mjumbe wa neva, maana iliamsha karibu kila seli waliyoigusa, na mjumbe anayeitikiwa na kila mtu alionekana si mjumbe. Leo tunajua ndiyo mjumbe mkuu wa kuamsha katika ubongo wetu. Kilichowapa shida ni kwamba vipokezi vyake vimejaa kila mahali, tena si vya aina moja.

Machi, mabuu

Inzi hawakutusumbua. Ndizi bogoya mbili zilizoiva hadi kutoa harufu ya pombe, chupa yenye karatasi iliyokunjwa mdomoni kama faneli, na kufikia jioni walikuwa wamejaa. Wazo la kutumia inzi lilitoka kwa rafiki aliyesoma Ishaka, kule Bushenyi, ambako Kampala International University imewahi kuwa na kozi za sayansi ya neva zinazomtumia mdudu huyuhuyu. Baridi ya usiku ya Mbarara inachelewesha mabuu kidogo, kwa hiyo chupa tumeziweka juu ya kabati karibu na balbu.

Sababu ya kumchagua inzi ni hii: kwake yeye, neva inayoamuru msuli inatumia glutamati. Kwetu sisi kazi hiyo inafanywa na mjumbe mwingine, asetilikolini. Basi kwenye buu unaweza kuona kazi ya kipokezi cha glutamati kwa macho, msuli ukijikunja, bila kununua mashine ya kupima umeme wa seli.

Maji ya kuogeshea tumeyachanganya wenyewe. Chumvi safi ya maabara gramu 7.5 kwa lita, sukari gramu 12, na kiasi kidogo cha potasiamu, kalsiamu na magnesi. Glutamati tumenunua dukani, ile ya kutia kwenye mboga, gramu 1.3 kwa lita. Sahani ya kupasulia ni kifuniko cha plastiki kilichomwagiwa nta ya mshumaa, pini ni zile za kubania wadudu.

Unachukua buu kubwa lililoacha chakula na kupanda ukuta wa chupa, maana hilo ndilo limekomaa. Pini moja mdomoni, moja mkiani. Unapasua mgongoni kwa mkasi mdogo, unatoa utumbo na mafuta meupe yanayong'ang'ania kila kitu, kisha unaitandaza ngozi kwa pini nne za pembeni. Hapo misuli inaonekana, mistari myembamba inayong'aa, takriban 30 kila upande wa pingili. Kama hukukata kamba ya neva, ngozi inaendelea kutambaa ingawa imebanwa: wimbi linaanzia mkiani, linapita pingili moja baada ya nyingine, linaishia kichwani, halafu linaanza tena.

Mara ya kwanza tulipowaonyesha wenzetu wasiohusika na mradi, niliwauliza kabla: tukimwaga glutamati, nini kitatokea? Wote wakasema buu litarukaruka, maana tulishawaambia glutamati inaamsha. Dropa tatu. Kulikuwa na mshtuko mdogo, karibu hauonekani, kisha mawimbi yakakoma. Misuli ikalala kimya. "Limekufa," akasema mmoja. Tukavuta maji yale kwa dropa, tukamwaga maji safi, tukarudia. Baada ya muda pingili ya mkiani ikacheza, na wimbi likapanda.

Maabara zinazochunguza misuli ya mabuu hutumia glutamati ya kiwango hikihiki makusudi, ili msuli utulie wakati wa kupiga picha. Kipokezi kimeumbwa kupokea mpulizo mfupi, sehemu ndogo ya sekunde, kisha glutamati iondolewe. Ikibaki imekikalia bila kuondoka, kipokezi kinafumba tundu lake hata kama mjumbe bado yumo mkononi. Kinachoka, kama tunavyosema sisi, ingawa kemia yake si ya uchovu. Vipokezi vya AMPA, aina nyingine ya vipokezi vya glutamati kwenye ubongo wetu, vina tabia hiyo pia: vinafunguka na kufumba ndani ya milisekunde chache.

Onyesho hili ndilo litakalofungua mafunzo. Mtu akishaona mwamshaji akilaza msuli, hatasema tena kwamba glutamati "inafanya" hiki au kile bila kuuliza kwanza imekutana na nani.

Machi, mwishoni

Umeme ulikatika, hadubini ikategemea dirisha. Tumeongeza tochi ndogo kwenye sanduku.

Aprili, kwa seremala

Mlango unatengenezwa kwenye karakana ya Kisenyi. Nilimpelekea fundi mchoro: mbao nne zimesimama kuzunguka tundu, mbili za bluu zikiwa ni GluN1, mbili za njano zikiwa ni GluN2, vipande vinavyounda kipokezi cha NMDA. Bluu zina mfuko wa glaisini, kemikali nyingine ndogo, njano zina mfuko wa glutamati. Mifuko yote isipojazwa, tundu halifunguki. Ndani ya tundu kuna gololi ya chuma, hiyo ndiyo magnesi. Chini kuna sumaku ya umeme inayoivuta gololi ikae tunduni, na chini ya gololi springi ya kalamu inayoisukuma juu. Sumaku ikiwa na umeme, gololi imeziba. Ukizima swichi, springi inaitoa.

Sumaku inasimama badala ya umeme wa seli. Seli ya neva iliyotulia ina takriban milivolti hasi 70 ndani yake, na hasi hiyo inaivuta magnesi, yenye chaji chanya, iingie tunduni na kukwama. Vipokezi vya AMPA vya jirani vikipitisha sodiamu ya kutosha, ile hasi inapungua, magnesi inalegea na kutoka. Jambo hili liligunduliwa na makundi mawili, moja Paris na jingine Marekani, na yote yakachapisha mwaka 1984.

Fundi alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka randa chini.

"Mwalimu, kufuli mbili hazitoshi, bado wameweka na kizibo ndani. Huyo mwenye nyumba anaogopa nini?"

Swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa darasani. Anaogopa kalsiamu. AMPA nyingi zinapitisha sodiamu na kuizuia kalsiamu, kwa sababu kipande chao kiitwacho GluA2 kinabadilishwa herufi moja ya protini, glutamini ikawa ajinini, baada ya jeni kunakiliwa. Panya waliotengenezwa wakakosa mabadiliko hayo walipata kifafa na kufa wakiwa na umri wa wiki tatu hivi. Herufi moja. NMDA yenyewe inaipitisha kalsiamu kwa wingi, na kalsiamu ikiingia seli inaanza kazi nzito: inaongeza vipokezi vya AMPA, inaimarisha sinapsi (mahali seli moja ya neva inapoipa nyingine ujumbe), inatunza kumbukumbu. Ikiingia bila kipimo inawasha vimeng'enya vinavyoitafuna seli kutoka ndani.

Kwa hiyo kizibo kinahakikisha mambo mawili yametokea pamoja: mjumbe amefika, na seli yenyewe tayari imeamka. Hapo ndipo kujifunza kunapoanzia. Watafiti Bliss na Lømo walishaonyesha kwa sungura mwaka 1973 kwamba sinapsi ikichochewa kwa kasi inabaki na nguvu kwa saa nyingi. Kizibo kilikuja kueleza kwa nini kasi ilihitajika.

Fundi akauliza kama atoboe tundu jingine la dawa. Nilikuwa sijalifikiria. Tumeongeza kijiti chekundu, ndiyo ketamini, dawa ya usingizi wa upasuaji, kinachoingia tunduni pale tu mlango ukiwa wazi. Ndivyo ilivyo kwenye seli pia: ketamini inakaa ndani ya tundu lenyewe, na sharti likute limefunguka.

Mei, mkunga

Rasimu ya ukurasa wa magnesi niliipeleka kwa mkunga mmoja wa kituo cha afya cha daraja la nne. Ameshika sindano za magnesi salfeti kuliko sisi wote tulivyoshika vitabu vyake. Akasoma, akanitazama.

"Mwalimu, umeandika vizuri, lakini mama mwenye kifafa cha mimba hana muda wa hadithi yako. Weka goti kwanza."

Akaeleza kama anavyowaeleza wanafunzi wake. Gramu 4 kwenye mshipa, polepole. Gramu 5 kila tako. Kabla ya kila dozi inayofuata unagonga goti: likikataa kuruka, unasimamisha. Unahesabu pumzi, zisipungue 16 kwa dakika. Unatazama mkojo, maana magnesi inatoka kwa figo. Na kalsiamu glukoneti, dawa ya kupinga magnesi ikizidi, iwe mezani, isiwe stoo.

Ikabidi nipange sentensi upya, kwa sababu goti na degedege si mlango mmoja. Magnesi kuziba NMDA ni mojawapo ya maelezo ya jinsi inavyotuliza ubongo. Kulegeza mishipa ya damu ni jingine. Goti linalonyamaza ni dalili kwamba magnesi imezidi na inazuia kalsiamu kuingia kwenye ncha ya neva inayoamuru msuli, mahali ambapo mjumbe ni asetilikolini na NMDA haihusiki. Dada mkunga alifurahia tofauti hiyo kuliko nilivyotegemea. Alisema miaka yote amekuwa akiwaambia wanafunzi "goti linaonyesha ubongo umetulia", na sasa atawaambia linaonyesha sumu inakaribia.

Tumeongeza mstari kuhusu jaribio la Magpie la 2002: wanawake zaidi ya 10,000 wenye shinikizo la damu la mimba, na waliopewa magnesi hatari yao ya kupata degedege ilipungua kwa zaidi ya nusu. Wakunga wanapenda namba kama hiyo. Inawapa nguvu ya kubishana na anayetaka kusubiri.

Juni, Nakivale

Mabuu yamesafiri salama kwenye boksi la viatu. Onyesho la glutamati likapita kama Mbarara, ila hapa kelele zilikuwa nyingi zaidi na foleni ya hadubini haikwisha. Swali la kwanza likatoka kwa mama mmoja wa Kivu, na nililitarajia:

"Mwalimu, sasa ile Ajinomoto tunatia mu mboga, si ndiyo inaleta kifafa?"

Hapana, mama. Glutamati ya chakula sehemu kubwa inachomwa na utumbo wenyewe kama nishati, na ile inayoingia kwenye damu inakuta ukuta wa mishipa ya ubongo ambao hauiruhusu kupita hovyo. Ubongo unatengeneza yake. Hofu ilipata nguvu mwaka 1969, mtafiti Olney alipodunga vichanga vya panya dozi kubwa na kukuta seli zimekufa katika sehemu ya ubongo. Yeye ndiye aliyetoa wazo kwamba kuamshwa kupita kiasi kunaua seli. Wazo lilikuwa la kweli na limeeleza mengi: ubongo ukikosa oksijeni, kama kwenye kiharusi, pampu zinazofyonza glutamati zinashindwa, na vipokezi vya NMDA, ambavyo havichoki haraka kama AMPA, vinabaki wazi huku kalsiamu ikimiminika. Lakini hiyo ni glutamati ya ubongo wenyewe. Mboga haihusiki.

Tukaenda kwenye degedege refu. Hapa nilitumia muda mwingi makusudi. Diazepamu inasaidia vipokezi vya GABA, vile vya kutuliza. Mtukutiko ukiendelea, seli inaanza kuvivuta vipokezi hivyo ndani, dawa inapungukiwa mahali pa kushika, na wakati huohuo vipokezi vya NMDA vinaongezeka juu ya ngozi ya seli. Breki zinaondoka huku mafuta yakiongezwa. Kwa hiyo dakika tano si sheria ya ofisini. Mgonjwa aliyepita dakika tano akitukutika apelekwe kituoni wakati huohuo, kwa bodaboda, kwa lolote. Na mgonjwa wa saa nzima ndiye ambaye hospitali kubwa wakati mwingine wanajaribu ketamini, maana NMDA ndiyo iliyobaki kushikika. Kijana mmoja akaomba kijiti chekundu, akakitia mwenyewe tunduni. Akakitoa, akakirudisha.

Ukurasa uliowashika zaidi haukuwa huo, ulikuwa wa kingamwili. Mwaka 2007 daktari Dalmau na wenzake walieleza ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia GluN1, mbao za bluu. Kingamwili zinaviunganisha vipokezi viwiliviwili na kuvifanya vivutwe ndani ya seli, mpaka sinapsi inabaki na vichache. Mara nyingi ni mwanamke kijana, wakati mwingine ana uvimbe kwenye ovari. Anaanza kukosa usingizi, anaongea maneno yasiyoeleweka, anaona watu wasiokuwepo. Baadaye mdomo unacheza wenyewe, degedege linakuja, anaganda. Kila aliyekuwa ukumbini alijua nyumba ambayo msichana wa namna hiyo alipelekwa kuombewa. Sikusema kwamba wote walikuwa na ugonjwa huu, na nilirudia hilo: malaria, homa ya uti wa mgongo na mengine mengi yanatangulia kuchunguzwa. Nilichotaka kifike ni kwamba upo, unatibika kwa dawa za kupunguza kinga na kwa kuondoa uvimbe, na kwamba katika kundi kubwa la wagonjwa lililochapishwa 2013, wanane kati ya kumi hivi walikuwa wamepata nafuu nzuri baada ya miaka miwili.

VHT mmoja ambaye pia ni mchungaji akasimama.

"Mimi nitaendelea kuomba," akasema. "Lakini nitaombea njiani, tukienda hospitali."

Watu wakacheka, naye akacheka. Nimeiandika sentensi yake kwenye kijitabu, bila jina.

Juni, siku iliyofuata

Malaria ya ubongo na tegu (mnyoo) wa nguruwe, asubuhi moja. Kuhusu malaria nilianza na hospitali ya Mulago, Kampala: utafiti uliochapishwa 2008 ulikuta mtoto mmoja kati ya wanne hivi waliopona malaria ya ubongo ana upungufu wa akili au umakini miaka miwili baadaye. Glutamati ni sehemu tu ya maelezo. Mwili unaopambana na maambukizi unavunja triptofani, kijenzi cha protini, na kutoa, pamoja na vingine, asidi ya kwinoliniki inayoamsha NMDA na asidi ya kinureniki inayoizuia, na zote mbili zimepimwa katika maji ya uti wa mgongo wa watoto wagonjwa. Sikutaka waondoke wakidhani malaria ni ugonjwa wa vipokezi. Chandarua na dawa ya mapema bado ndizo zinazookoa.

Tegu lilikuwa fupi lakini likazua mjadala, maana Uganda nyama ya nguruwe inaliwa sana. Mabuu ya tegu yakijificha kwenye ubongo yanaleta kifafa. Watafiti wa Cape Town wamekuta kwamba mabuu hayo yenyewe yamebeba glutamati na yanaweza kuziamsha seli za neva za jirani kupitia vipokezi vyake. Mdudu anayezungumza lugha ya ubongo, akasema mtu nyuma. Tukamalizia kwa vyoo, kunawa mikono na nguruwe kufungiwa, kwa kuwa mayai yanayofika kwenye ubongo yanatoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu, wala si lazima mgonjwa awe amekula nyama hiyo.

Mzee mmoja aliyewahi kuishi Kitgum, kaskazini mwa Uganda, aliuliza kuhusu ugonjwa wa watoto wanaotikisa vichwa. Nilimweleza uhusiano na minyoo ya usubi inayoenezwa na mainzi weusi wa mtoni, na kwamba watoto wengi wananufaika na sodiamu valpureti, dawa ya kifafa. Katika sanduku letu hakuna ukurasa wake na sidhani utakuwepo. Una mambo yake, na vipokezi vya glutamati si mahali pa kuanzia.

Julai

Marekebisho baada ya Nakivale. Ukurasa wa degedege refu unakwenda mbele, mara tu baada ya onyesho la buu. Historia inasogezwa nyuma kabisa. Dawa ambazo hazipo kwenye makabati ya vituo vyetu, kama perampaneli inayozuia AMPA, memantini ya wazee wanaopoteza kumbukumbu na riluzoli ya ugonjwa wa neva za msuli, zimebaki na mistari miwili.

Mkunga ameuchukua mlango wa mbao kwa wanafunzi wake na amesema hana haraka ya kuurudisha. Fundi anatengeneza wa pili. Safari hii mbao za bluu zitachomoka kwa kamba, ili kingamwili ionekane ikizivuta, na betri itakuwa kubwa zaidi, kwa sababu sumaku ya kwanza ilikuwa ikiishiwa nguvu kabla ya darasa kumaliza kuuliza.